Karatasi ya Chini: Historia ya Nakala Sokoni Rodi Kopany

Kabla simu hazijafika Rodi Kopany, biashara ya hapa ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: karatasi mbili za jambo moja zisilale nyumba moja. Mkulima wa miwa aliyepeleka zao lake Awendo, kwenye kiwanda cha South Nyanza kilichoanzishwa miaka ya 1970, alirudi nyumbani na tiketi ya mizani, na kiwanda kikabaki na yake. Mnunuzi wa ng'ombe alipewa risiti ya ushuru iliyoandikwa juu ya kaboni. Yake akaitia mfukoni, ya chini ikabaki kitabuni kwa karani. Mwenye duka aliyekopesha sukari na mafuta ya taa aliandika deni kwenye daftari, na mteja mwangalifu naye akawa na kijidaftari chake. Ugomvi ukizuka, wazee hawakuuliza nani mwongo. Waliagiza karatasi zote mbili ziletwe, wakazilaza mezani bega kwa bega.

Nimefanya kazi kwenye njia panda hii tangu siku za redio. Hapa ndipo barabara ya Rongo kwenda Homa Bay inapokutana na ile inayoshuka Ndhiwa hadi Sori, ziwani, kwa hiyo kila kifaa kinachoharibika pande hizo hupitia kwetu siku moja au nyingine. Nilianza na redio na kaseti, nikauza kadi za kukwaruza, nikawa wakala wa M-Pesa, na sasa ni fundi wa simu. Nimeona mambo mengi ya historia ya hapa yakiandikwa, ya siasa, ya ardhi, ya koo. Hili la nakala sijaona likiandikwa, na mimi nalijua kwa mikono. Ninaamini simu iliivunja ile desturi ya karatasi mbili, na kwamba tumehangaika karibu miaka 20 kuirudisha.

Desturi yenyewe ilikuwa na mizizi mirefu kuliko kaboni. Mababu zetu waliweka nasaba ya ukoo vichwani, lakini hawakuiweka katika kichwa kimoja. Babu aliwataja mababu zake mbele ya wajukuu wengi jioni, ili mmoja akisahau mwingine amkumbushe. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha mila na desturi za Wajaluo, na mambo yaliyokuwa yakiishi midomoni mwa wazee yakapata makao ya pili kwenye karatasi. Huo nao ulikuwa uhifadhi wa nakala.

Kaseti zilitufundisha somo gumu zaidi. Mtu aliponunua kaseti ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, jambo la kwanza alilofanya ni kuja kwangu nimdurufie nyingine, kwa sababu redio zetu zilikuwa zikitafuna mkanda. Nilikuwa na mashine ya vyumba viwili: kaseti asili chumba hiki, tupu chumba kile. Ile ya asili iliwekwa kabatini, ya kudurufu ikapigwa hotelini na matangani. Lakini nakala ya kaseti hupungua. Ukidurufu kutoka kwenye nakala, gitaa linakuwa la mbali. Ukidurufu tena kutoka kwenye hiyo, unabaki na mvumo. Kwa hiyo wateja wangu wa zamani walijua kuuliza swali ambalo vijana wa leo hawaulizi: hii imetolewa kwa ipi?

Simu za mkononi zilienea mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya Safaricom na KenCell kuanza kushindana. Simu tuliyoiuza na kuitengeneza zaidi ilikuwa Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka mwaka 2003. Ilihifadhi majina 50 tu kwenye mwili wake. Laini nayo ilibeba majina kama 250, kila jina na namba moja, jina lenyewe fupi. Ujumbe ulijaa upesi, na ukishajaa hakuna mpya ulioingia mpaka ufute. Watu walikuwa wakisimama hapa mbele ya kibanda wakiamua ujumbe gani ufe.

Miaka ile ya kwanza desturi ya zamani ilishika. Kila nyumba ilikuwa na orodha ya namba: ukurasa wa mwisho wa Biblia, ukuta wa jikoni uliochorwa kwa makaa, daftari la mtoto la hesabu. Watu hawakukiamini kile kifaa. Kisha wakakiamini. Nadhani ilikuwa kati ya 2006 na 2010, kwa sababu ndipo nilipoanza kuona mtu mzima akilia simu yake ikiwa imetumbukia ziwani au chooni, huku akiwa hajui kwa moyo namba ya mkewe. Asili na nakala vilikuwa vimeingia mfuko mmoja.

Na wakati huohuo, kwa upande mwingine, tulikuwa tunafundishwa kinyume chake. M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Nilipokuwa wakala, swali la kwanza la kila mzee lilikuwa: nikipoteza simu, pesa zangu zimepotea? Nilimjibu, "La, jaduong', pesa hazimo ndani ya simu. Simu ni mlango tu." Hakuridhika mpaka alipomwona jirani yake aliyeibiwa simu kwenye matatu akipewa laini mpya yenye namba ileile, akabonyeza namba yake ya siri, na salio likawa palepale lilipokuwa. Kwa mtu wa hapa hilo lilikuwa jambo kubwa. Tulijifunza maana ya kitu kuhifadhiwa mbali, kwenye seva usizoziona, kabla mtu yeyote sokoni hajalitamka neno hilo. Seva zenyewe zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya Aprili 2015.

Wakala naye alikuwa na nakala yake. Tulikuwa na kitabu kikubwa: tarehe, namba ya muamala, kiasi, namba ya simu, namba ya kitambulisho, jina, sahihi. Mteja alibaki na ujumbe, mimi na kitabu, kampuni na seva. Nakala tatu, sehemu tatu. Sijawahi kuona mpangilio bora kuliko huo, na nimeona kesi nyingi zikimalizwa na kitabu kile kabla hazijafika kwa chifu.

Mapema mwaka 2008, kwa sababu ya ghasia za baada ya uchaguzi, watu wetu walirudi kutoka Nakuru, Naivasha na kwingineko. Wengine waliteremka hapa Rodi na nguo walizovaa. Maduka yao yalikuwa yamechomwa na madaftari ya madeni yalichomeka humo. Niliwaona wakitoa laini kutoka kwenye kona ya leso au ndani ya soksi na kuomba simu ya kuitilia. Aliyekuwa na salio, hata la shilingi 50, alilikuta. Lakini namba za wateja wake, za wapangaji wenzake, za mwenye nyumba, kama alizihifadhi kwenye mwili wa simu iliyoporwa, zilikuwa zimekwenda. Shilingi 50 ilikuwa na ulinzi zaidi kuliko jina la rafiki. Tangu hapo nimekuwa nikimwambia kila mteja ahifadhi majina kwenye laini, ingawa yatabanwa, kwa sababu laini mtu hukimbia nayo.

Mwaka 2012 Tume ya Mawasiliano ilitangaza kuwa simu bandia zitazimwa mwisho wa Septemba. Simu nyingi za hapa zilikuwa za aina hiyo: laini mbili, spika kubwa, nyingine zikishika hata televisheni, kwa bei ambayo muuza omena angeimudu. Oktoba ilipoingia zikakosa mtandao, na kibanda changu kikajaa. Wengi walidhani kila kilichokuwa ndani kimekufa. Hakikuwa kimekufa. Kilichozimwa ni njia ya simu kufika kwenye mnara. Kumbukumbu ilikuwa nzima. Kazi ya mwezi ule ilikuwa kuwasha simu isiyo na mtandao, kuyahamisha majina kwenye laini mpaka ijae, kuandika yaliyosalia kwenye karatasi, na kutoa kadi ya kumbukumbu ili picha ziende kwenye simu mpya. Kwa vijana waliokuwa wakinisaidia, huo ndio uliokuwa mwezi wao wa kwanza wa kuelewa kuwa simu na vilivyomo ndani yake ni vitu viwili.

Kisha Android. Kwetu ilianza na Ideos ya Huawei, ambayo Safaricom iliiuza kuanzia 2011 kwa takriban shilingi 8,000. Baadaye zikaja Tecno, Itel na Infinix zikafunika soko. Hapa historia inakuwa ya ndani zaidi, na nitakaa hapo, maana ndipo watu wanapopotea mpaka leo.

Katika simu hizi kila programu ina chumba chake kilichofungwa. Programu nyingine haiingii humo, wala wewe mwenye simu huingii kwa njia ya kawaida. Ni ulinzi mzuri, lakini maana yake ni kwamba huwezi kunakili data ya programu kama unavyonakili wimbo. Mafundi wa miaka ile tuliruti simu, yaani tulivunja kufuli la mfumo mzima, ndipo programu kama Titanium Backup ikaweza kuingia vyumbani na kubeba kila kitu. Niliacha kazi hiyo. Simu iliyorutiwa haina mlango tena, na mteja wangu alikuwa akitunza pesa humo. Kuanzia Android 6, mwaka 2015, mfumo wenyewe ulianza kuchukua nakala ya data ya programu na kuipeleka kwenye akaunti ya Google, isiyozidi megabaiti 25 kwa programu moja. Mtengenezaji wa programu anaweza kukataa, na za benki kwa kawaida hukataa. Kwa hiyo mtu huhamia simu mpya akakuta baadhi ya programu zinamkumbuka na nyingine zinamuuliza yeye ni nani.

WhatsApp ilifuata njia yake. Kila usiku saa nane programu hii huyafunga mazungumzo yote ndani ya faili moja iitwayo msgstore na kuiweka kwenye folda ya Databases. Faili za siku zilizopita hubaki na tarehe zake, za kama wiki moja, kisha kongwe hufutwa. Picha, video na sauti hazimo ndani ya faili hiyo. Zina folda yao, Media, na asiyelijua hilo hubeba faili peke yake kisha akashangaa kwa nini maandishi yamerudi na picha ni ukungu mtupu. Faili yenyewe imefungwa kwa siri, na jina lake huishia kwa neno crypt na namba, kama crypt14. Ufunguo wake hupatikana baada ya kuthibitisha namba ileile ya simu. Ukiwa na faili bila laini, huna kitu.

Hapo ndipo ninapowaomba watu wawe na subira. Ukinunua simu mpya, hamisha kwanza folda nzima ya WhatsApp, tia laini ileile, ndipo ufungue programu, na ikikuuliza kama irejeshe, kubali. Anayebonyeza kuruka kwa haraka ya kutaka kuingia kwenye makundi huwa ameanzisha mbio na saa. Saa nane ya usiku ikifika, faili mpya, karibu tupu, itakaa mahali pa ile ya zamani. Akija kwangu asubuhi, bado kuna matumaini: ninaondoa programu baada ya kuzitoa faili zenye tarehe, ninaipa ya juzi jina la msgstore bila tarehe, ninaisakinisha upya, na mazungumzo hurudi. Akija baada ya wiki mbili, zile faili nzuri zimekwisha kusukumwa nje. Nimeliona jambo hili likimtokea mjane wa upande wa Ndhiwa aliyekuwa na sauti za marehemu mumewe, na ndiyo maana nalisema kwa mkazo. Sauti zenyewe tulizipata, kwa kuwa zilikuwa kwenye Media. Maneno yaliyozizunguka hatukuyapata.

Oktoba 2015 WhatsApp ilitangaza kuhifadhi nakala kwenye Google Drive. Ilikuwa hatua kubwa: nakala ilitoka mfukoni. Lakini hapa kwetu iligonga mwamba mara mbili. Bando lilikuwa ghali, kwa hiyo watu waliacha mpangilio wa kupakia kwa Wi-Fi tu, na Wi-Fi haikuwepo. Mwamba wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Watu wengi walifunguliwa akaunti ya Google na kijana aliyewauzia simu, dukani, papo hapo, kwa jina na neno la siri alilolibuni yeye. Mteja hakuandika popote. Nakala yake ilikuwa salama ng'ambo, imefungwa kwa kufuli ambalo hakuna aliyelijua. Na kwa kuwa tangu mwaka huohuo simu ikifutwa huuliza akaunti ya zamani kabla ya kufunguka, wapo waliobaki na simu yao wenyewe iliyowakataa. Kila simu ninayoiuza leo haitoki mezani mpaka mwenyewe ameandika anwani na neno la siri kwa mkono wake, na karatasi hiyo hairudi kwangu wala haiingii kwenye kasha la simu.

Kuhusu GBWhatsApp, toleo lisilo rasmi la WhatsApp, nitasema kwa kifupi kwa sababu sina mapenzi nayo. Ilipendwa sana hapa kwa sababu ya rangi na namba mbili. Inaweka nakala kwenye folda yake, haipeleki Google Drive kwa njia rasmi, na WhatsApp ilipoanza kufunga akaunti za watumiaji wa GBWhatsApp mwaka 2019, vijana wengi walijikuta na mazungumzo yasiyo na pa kurudi.

Kuna jambo jingine lililobadilisha thamani ya nakala, nalo ni mikopo. Kuanzia 2014 na 2015 programu kama Tala na Branch ziliingia Kenya, na kwa idhini ya mwenye simu zilikuwa zikisoma ujumbe wake wa M-Pesa ili kupima kama anaaminika. Ghafla ule ujumbe ambao watu waliufuta ili kupata nafasi ukawa ushahidi wa kazi yao. Mama wa kuuza samaki aliyekuwa na miaka ya miamala alionekana mgeni mbele ya programu kwa sababu alibadilisha simu. Ndipo watu walipoanza kuniomba niwahifadhie ujumbe, na nikatumia programu inayouandika wote kwenye faili moja ya XML inayoweza kwenda kwenye kadi au barua pepe. Nilikuwa nawauliza pia kama wanajua nani mwingine anausoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja Novemba 2019, na naiona ni moja ya sheria chache zinazomhusu mtu wa kibanda moja kwa moja, kwa sababu fundi anayehamisha data za mteja anashika maisha yake. Nikimaliza, ninafuta nakala iliyo kwenye kompyuta yangu mteja akitazama.

Neno seva lilifika vijiweni mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Wazee waliokuwa hawajui kufungua barua pepe walijadili fomu 34A ya matokeo ya kila kituo cha kura, ya karatasi na ya picha iliyotumwa kwenye seva, na kwa nini zinapaswa kulingana. Mimi nilifurahi kuwasikiliza. Walikuwa wanajadili kile walichokuwa wakikijua tangu siku za mizani ya miwa.

Mwaka 2020, korona ilipofanya mazishi yawe ya watu 15 tu, nchi ya Wajaluo ilipata pigo ambalo mtu wa mbali hawezi kulipima. Waliobaki Nairobi, Mombasa na Doha walizika kwa simu. Video za mazishi zilirekodiwa na kijana mmoja aliyesimama kaburini, zikatumwa kwenye kundi la familia, na simu zenye nafasi ndogo zikazifuta baada ya siku chache. Mwaka ule nilinunua flashi diski nyingi. Familia zilikuja na kuniambia: iweke hii mahali isipofutika. Niliwapa kila familia mbili, moja ya nyumbani na moja ya ndugu wa mji, na niliwaomba wazifungue mara kwa mara, maana flashi diski nayo hufa ikiwa kabatini.

Tangu Oktoba 2021 mtu anaweza kuifunga nakala yake ya WhatsApp ya mtandaoni kwa neno la siri lake mwenyewe au kwa ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Neno hilo au ufunguo huo ukipotea, hakuna awezaye kukusaidia, si Google wala WhatsApp. Na kuanzia mwisho wa 2023 nakala hizo za Android zilianza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za bure za akaunti, pamoja na barua na picha, kwa hiyo wengi nakala zao zimesimama bila wao kujua. Mtu akinipa simu nimbadilishie kioo, ninamwomba ruhusa niangalie tarehe ya nakala ya mwisho. Mara nyingi ni ya mwaka uliopita.

Kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa sokoni kimefika mbali kuliko wote. Wana sanduku la chuma la kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu tofauti, kama vikundi vingi vya Nyanza. Rekodi zao za michango tangu kabla ya korona ziko kwenye kundi la WhatsApp, katika simu ya katibu. Mwaka jana waliamua kutumia ule ufunguo wa 64. Katibu aliuandika kwenye karatasi tatu, kila mwenye ufunguo wa sanduku akachukua moja, na siku ya mkutano walinileta nijaribu kurejesha kila kitu kwenye simu nyingine mbele yao. Ilirudi, pamoja na picha za risiti za benki. Lakini mama mmoja aliuliza swali ambalo lilitukalisha mpaka jioni: namba ni ya katibu, imeandikishwa kwa kitambulisho chake, na akifariki, laini ni ya kikundi au ya watoto wake? Hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya mkutano wao ujao, na wameniomba nije na fomu za kusajili laini kwa jina la kikundi.